Gitaa kavu: briji ya pini au ile ya kupitisha nyuzi kwa nyuma?

Nyuzi_Sita

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa mafundi.

Nina gitaa kavu la nyuzi za chuma, nimekaa nalo miaka tisa. Briji yake, kile kibao cha usoni nyuzi zinapoanzia, ni ya pini, zile sita nyeupe za plastiki. Tangu mwaka jana pini ya uzi wa sita haitulii. Naikandamiza vizuri, nakaza uzi, ukikaribia sauti yake pini inaanza kupanda taratibu. Mara mbili imeruka kabisa, na mara ya pili ilikuwa katikati ya wimbo, kwaya nzima ikinisubiri. Nimeigonga kwa kitako cha bisibisi ishuke, ikakaa siku tatu tu.

Sasa nimepata nafasi ya kununua gitaa la pili. Nimeangalia mengi, yamebaki mawili, yote yametumika. La kwanza lina pini kama langu. La pili halina pini hata moja: nyuzi zinaingizwa kwenye matundu nyuma ya briji, zinatokea mbele, zinapanda juu ya kile kifupa cheupe na kwenda zake hadi kichwani. Hili la pili nimelipenda, shingo yake imekaa mkononi mwangu kama tulizoeana zamani. Lakini mwalimu wangu anasema nisithubutu, kwamba briji ya namna hiyo ipo siku itang'oka kwa sababu hakuna kinachoishika isipokuwa gundi. Mwenzangu tunayepiga naye anasema kinyume, kwamba pini ndizo zinazoua mbao.

Kinachonichanganya ni hiki: kama pini ndiyo inayoshika uzi, hilo gitaa lisilo na pini linashika nyuzi kwa kitu gani? Na kuna tofauti ya sauti ya kweli, au ni mazoea ya masikio? Na hili la zamani, je, nitafute pini nene zaidi? Nimeona zinauzwa.

Kapo_Ya_Pili

Mimi napiga lisilo na pini mwaka wa sita sasa, na sirudi nyuma. Uzi ukikatika jukwaani nachomoa kipande kilichobaki, napitisha mpya nyuma, nakaza, naendelea. Sitafuti kipini kilichobingirika chini ya spika gizani.

Jambo moja tu la kuangalia: unapopitisha uzi kwa nyuma, ncha yake na kile kishanga cha mwisho vinaweza kuchora uso wa gitaa. Langu lina mikwaruzo nyuma ya briji ya mwaka ule wa kwanza, kabla sijajua. Weka kipande cha karatasi ngumu hapo kila unapobadilisha nyuzi.

Briji haijang'oka. Wala haijasogea.

Fundi_Gundi

Nyuzi_Sita, kwanza weka hiyo bisibisi mbali. Nitaanza na gitaa lako la zamani, kwa sababu ukielewa linaumwa nini, hayo mengine yatajifungua yenyewe.

Pini haishiki uzi. Pini ni kizibo. Kinachoshika uzi ni kile kishanga cha chuma kilichofungwa mwishoni mwake, na kinashika mahali usipopaona: ndani ya gitaa, chini ya uso, pamegundishwa kibao cha mti mgumu, aghalabu mepo au rosiwudi, kwa ajili ya kupokea vishanga hivyo sita. Kazi ya pini ni kukisukuma kishanga pembeni kisiione njia ya kurudi tunduni. Kishanga kikiwa kimekaa penyewe, uzi unaweza kuwa umekazwa hadi sauti yake na pini bado ukaizungusha kwa vidole viwili.

Kwa hiyo pini inayopanda inakwambia kitu. Inakwambia kishanga hakiko ubavuni mwake, kimekaa chini ya ncha yake. Ukikaza uzi unavuta kishanga juu, kishanga kinaisukuma ncha, pini inapanda. Kuigonga ni kushindana na uzi, na uzi hauchoki. Pini nene ni hatari zaidi. Matundu sita yamepangwa mstari mmoja, na mstari huo unafuata nyuzinyuzi za mti wa briji. Anayepasua gogo hupanga kabari hivyohivyo. Nimeshapokea briji zilizopasuka tangu tundu la kwanza hadi la sita, ufa umenyooka kama umechorwa kwa rula, na kila mwenyewe nikimuuliza, alikuwa amezikaza pini ili zisitoke.

Fanya hivi. Legeza uzi, toa pini. Shika mwisho wa uzi ukunje kidogo sana hapo karibu na kishanga, kishanga kielekee upande wa tundu la sauti. Ingiza uzi, fuatisha pini, mfereji wake ukiangalia kifupa. Usikandamize. Weka kidole gumba juu ya pini kuizuia tu, na kwa mkono wa pili uvute uzi kwenda juu mpaka kishanga kigote kwenye mbao. Kugota huko utakuhisi, na mara nyingi utakusikia: tok, fupi, kama kucha juu ya meza. Hapo ndipo unaisukuma pini kwa kidole imalizie, basi.

Ikiwa baada ya hapo bado inapanda, kibao cha ndani kimeliwa. Miaka tisa ya vishanga vya chuma kuvutwa juu vinachimba mti, hasa uzi wa sita na wa tano, na hasa kwa pini zenye mfereji mpana, maana uzi hubadilishwa mahali palepale na kishanga hulalia palepale. Angalia uzi wa sita pale unapokipanda kifupa. Kila uzi, karibu na kishanga chake, una sehemu nene iliyosokotwa mara mbili. Sehemu hiyo inatakiwa ibaki chini, ndani ya tundu. Ukiiona imefika juu ya kifupa, kishanga kimeshachimba na kupanda ndani ya mti. Tafuta kioo kidogo kama cha daktari wa meno, legeza nyuzi, kipitishe kwenye tundu la sauti pamoja na taa, utazame kibao chenyewe. Matundu ya mviringo ni mazima. Yaliyorefuka kuelekea mbele kama tone la maji yameliwa.

Sasa hilo lisilo na pini. Mwalimu wako hajasema uongo: hapo gundi ndiyo yote. Ila wengi wanaosema hivyo hawajui kwamba hata kwenye briji ya pini, gundi ndiyo karibu yote. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, inayoanzia unene wa inchi 0.012 hadi 0.053, ikiwa imekazwa kwa sauti zake za kawaida inavuta kama kilo 73 kwa pamoja, mchana na usiku, hata gitaa likiwa limelala kwenye sanduku lake. Nyuzi zinapita kama milimita 12 juu ya uso wa gitaa. Kwa hiyo hazivuti briji kwenda mbele tu, zinataka pia kuipindua: mbele izame, nyuma inyanyuke. Nguvu hiyo ya kupindua uso wa gitaa ni ileile, pini ziwepo zisiwepo. Uso haujui kishanga kimefungwa wapi. Unajua tu kwamba uzi unavuta, na kwa kimo gani.

Kinachobadilika ni njia ambayo nguvu inapitia kabla ya kufika usoni. Kwenye ya pini, uzi unashuka, unapenya briji, uso na kibao cha ndani, kisha kishanga kinavuta kibao kuja juu wakati uzi huohuo unakandamiza kifupa kwenda chini. Vitu vitatu vinabanwa pamoja kama mkate uliofumbatwa. Gundi ikianza kuchoka, huko kubanwa kunasaidia: briji inanyanyuka kidogokidogo, unaiona, una muda. Kwenye isiyo na pini, kishanga kimeishia kwenye ukingo wa nyuma wa briji yenyewe. Hakuna kinachopenya uso. Kilo zote 73 zinavuka kupitia gundi, na gundi ikikata tamaa huenda usipate onyo.

Inatisha? Fanya hesabu nami. Briji ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 15 na upana wa 3 hivi. Hiyo ni sentimita za mraba 45. Gawanya kilo 73 kwa 45, unapata kilo moja na nusu na kitu kwa kila sentimita ya mraba. Gundi nzuri ya mbao, kwenye mti uliosawazishwa vizuri, inahimili zaidi ya kilo 200 kwenye eneo hilohilo ukiivuta kwa kuiteleza. Kuteleza basi si tatizo hata kidogo. Tatizo ni kubanduliwa. Nguvu ya kupindua haijigawi sawa, inakusanyika kwenye ukingo wa nyuma, mstari mwembamba, na gundi zote hazipendi kubanduliwa kuanzia ukingoni. Bandeji iliyokwama huiondoi kwa kuivuta kwa usawa wa ngozi, unaanza na kona. Briji nayo hung'oka hivyo.

Kwa hiyo swali la kuliuliza hilo gitaa ni hili: ule ukingo wa nyuma uligundishwa na mtu gani, kwa moyo gani?

Niliwahi kuletewa gitaa la nyuzi 12 lisilo na pini. Nyuzi 12 zinavuta zaidi ya kilo 100. Mwenyewe alikuwa amelala, akasikia kishindo kama mlango umepigwa teke. Alipowasha taa, briji nzima ilikuwa inaning'inia kwenye nyuzi zake, imeng'oka safi, kifupa kimeruka hadi chini ya kitanda. Nilipogeuza ile briji nikatazama tumbo lake, na kisha uso wa gitaa, nikaelewa. Kabla ya kugundisha walikuwa wamekwangua vanishi katikati tu, wakaacha ukanda wa milimita tatu hivi kuzunguka pembeni ili kazi ionekane safi kwa nje. Gundi haishiki vanishi kama inavyoshika mti. Kwa hiyo palepale nyuma, penye kazi kubwa kuliko pote, palikuwa hapana kitu. Nilikwangua hadi mti mtupu, nikachora mstari wa briji kwa kisu chembamba, nikakwangua mpaka mstarini hasa, nikasawazisha tumbo la briji lifuate mbinuko wa uso, nikagundisha kwa klempu tatu, nikaliacha siku nzima. Hilo gitaa naliona bado. Briji ipo. Haina pini mpaka leo.

Wako watengenezaji wakubwa waliochagua njia hii kwa makusudi. Magitaa ya Lowden ya Ireland Kaskazini hayana pini, na ni katika magitaa yanayoheshimiwa sana na wapigaji wa vidole. Ovation, wale wenye mgongo wa bakuli, vilevile. Na magitaa ya nyuzi za nailoni hayajawahi kuhitaji pini, nyuzi zinafungwa fundo kwenye briji, ila hizo zinavuta karibu nusu tu ya za chuma. Upande wa pili, pini si jambo lililokuja na nyuzi za chuma kama wengi wanavyodhani. Mafundi wa Ulaya wa mwanzo wa karne ya 19, kina Stauffer wa Vienna na Lacôte wa Paris, walitumia pini kushikia nyuzi za utumbo. Martin, aliyefungua karakana yake Marekani mwaka 1833, alikuwa amewahi kufanya kazi Vienna kwa Stauffer. Pini alikuja nazo. Nyuzi za chuma zilipotawala, kama miaka ya 1920, pini zilikutwa zipo tayari.

Ukienda kuyatazama hayo magitaa mawili, nenda na karatasi nyembamba ya kuandikia. Ipeleke nyuma ya briji, kwenye mstari inapokutana na uso, uteleze kona hadi kona. Isiingie popote. Ikiingia kidogo kwenye kona moja, uliza. Ikiingia mstari mzima, briji imeshaanza safari. Kisha weka rula juu ya uso, nyuma tu ya briji, kwa upana. Uso kufura kidogo ni kawaida kwa nyuzi za chuma, na wengine huujenga umebinuka makusudi. Ukifura kama chapati kwenye kikaango na mbele ya briji pakawa pamebonyea, mataruma ya ndani, vile vijiti vinavyoimarisha uso, yanahitaji kukaguliwa.

Na pima kimo cha uzi wa sita juu ya freti ya 12, ule ukingo wa chuma wa 12 shingoni. Milimita mbili na nusu hivi ni pazuri. Kisha tazama kifupa kimebaki kirefu kiasi gani juu ya briji. Hapa isiyo na pini ina udhaifu wake, nao hausemwi sana. Ukitaka uzi ushuke milimita moja kwenye freti ya 12, lazima ukate kifupa milimita mbili. Ukikata, pembe ya uzi kutoka tunduni kupanda kifupa inalala, uzi haukikandamizi vizuri, sauti inakuwa legelege na wakati mwingine uzi unalia kama nyuki. Kwenye ya pini fundi anachimba vijifereji kutoka kwenye matundu kuelekea kifupa, pembe inarudi. Kwenye isiyo na pini, tundu liko lilipo. Kwa hiyo lisilo na pini lenye kifupa kilichokwisha usilichukue, hata shingo iwe tamu vipi.

Mpingo_Halisi

Fundi umeeleza vizuri ila kwenye sauti umepita kimya. Mimi nimebadilisha pini za plastiki nikaweka za mfupa, gitaa likafunguka. Sasa kama pini zinabadilisha sauti kiasi hicho, kutokuwa nazo kabisa hakutapunguza kitu? Nimewahi kulipiga moja lisilo na pini, besi ilikuwa nyembamba.

Fundi_Gundi

Mpingo_Halisi, sikubishii ulichokisikia, nabisha juu ya sababu. Ulipoweka pini za mfupa uliweka na nyuzi mpya siku hiyohiyo, sivyo? Huwezi kutoa pini bila kulegeza nyuzi, na karibu kila mtu hutumia nafasi hiyo kuweka mpya. Nyuzi mpya zinafungua gitaa lolote.

Kuna tofauti ya uzito, hiyo ni kweli. Briji nzima ina gramu 30 hivi. Mpingo na plastiki vinakaribiana kwa uzito, mfupa ni kama mara mbili ya plastiki, na shaba ni kama mara saba. Pini sita za shaba zinaongeza mzigo unaohisika juu ya uso, na uso uliobebeshwa unaitika polepole zaidi, noti inadumu ila haichomoki haraka. Mwingine anaupenda mlio huo. Kati ya plastiki na mfupa, mimi nikifumba macho sitofautishi kwa uhakika, na nimejaribu.

Besi nyembamba ya lile ulilopiga inaweza kutoka kwenye unene wa uso, mataruma, ukubwa wa mwili, nyuzi zenyewe, kifupa kisichokaa vizuri chini yake. Magitaa mawili yaliyotoka kwa fundi mmoja wiki moja hayalingani. Kulinganisha moja lenye pini na jingine lisilo nazo, kisha ukazilaumu pini, ni kuruka vitu ishirini. Ninachokisikia kwa hakika ni ile pembe niliyoitaja. Pembe ikilala, sauti inalegea, kwa pini au bila pini.

Halafu kwa jina lako nitasema jambo linalonigusa. Wengi wakisikia briji ya mpingo wanafikiri mti ni mmoja. Ule mweusi wa briji nyingi za magitaa ni wa jamii ya Diospyros. Mpingo tunaouita mpingo kwa Kiswahili, ule wa klarineti na vinyago, ni Dalbergia, ndugu wa rosiwudi, mzito zaidi na mgumu ajabu. Nimetengeneza briji mbili tu kwa mpingo huo. Zinalia kama kengele ukizigonga kabla ya kugundisha. Lakini mti huo una mafuta yake ya asili, kwa hiyo unasawazisha tumbo la briji na kugundisha saa ileile, hungoji kesho.

Nyuzi_Sita

Shikamoo fundi. Na wengine wote asanteni.

Nimefanya ulivyosema. Kwanza la zamani: nilikunja uzi, nikavuta, sikusikia tok. Nilihisi kitu laini, kama kishanga kinaingia kwenye mkate. Ile sehemu nene ya uzi wa sita kweli imefika juu ya kifupa, na sikuwahi kuiona ingawa iko mbele ya macho yangu kila siku. Kwa kioo nimeona tundu la sita na la tano yamerefuka hasa kama tone. La nne limeanza. Mengine mazima.

Kisha nimerudi kuyaona yale mawili na karatasi yangu. Lisilo na pini: karatasi haikuingia popote, nimepita mara tatu. Rula inaonyesha uso umefura kidogo, sawasawa, mbele hapajabonyea. Freti ya 12 nimepima milimita mbili na nusu, na kifupa kimebaki kama milimita nne juu ya briji. Nyuzi zinakipanda kwa pembe inayoonekana.

Lenye pini, nililodhani ndilo salama: karatasi iliingia karibu milimita sita, sehemu yote ya katikati nyuma ya pini, kasoro kwenye kona mbili tu. Anayeuza anasema ni kawaida na limekaa hivyo miaka.

Naomba ushauri wa mwisho. Na la zamani lina dawa?

Fundi_Gundi

Marahaba, mwanangu. Umekagua vizuri kuliko wengi wanaokuja na gitaa mkononi.

Lenye pini liache, au lichukue ukijua briji inatolewa na kugundishwa upya. Amesema kweli kwamba limekaa hivyo miaka, na zile pini ndizo zilizolikalisha. Kona zinaposhika na katikati pamefunguka, mara nyingi uso umeshaanza kufura kwa chini. Lisilo na pini kama ulivyolieleza ni zima. Chukua. Kisha utimize wajibu wako: usiliache ndani ya gari juani, maana joto hulainisha gundi ya mbao na nyuzi huwa hazingoji. Unyevu wa chumba ukiweza ukae kati ya asilimia 45 na 55. Nyuzi usizidishe unene kuliko zilizomo. Na ile karatasi ihifadhi, uipitishe kila unapobadilisha nyuzi. Hiyo ndiyo bima ya asiye na pini, kwa sababu yeye hatakupigia kelele mapema.

La zamani lina dawa, tena nzuri. Usibadilishe kibao chote, kukitoa ni kuuchokoza uso bure. Yale matundu matatu yajazwe kutoka ndani kwa vizibo vya mepo, nyuzinyuzi za mti zikielekea upande mmoja na za kibao, yagundishwe, kisha yatobolewe upya. Njia ya haraka ni kibati chembamba cha shaba chenye matundu sita kinachokaa ndani, vishanga vinagota juu ya chuma. Kinafanya kazi, lakini kinaongeza uzito na sauti inakuwa na ukali kidogo, na chini yake jeraha liko palepale. Mimi huziba kwa mti. Mwambie fundi wako pia achimbe vijifereji kwenye matundu ya briji ili utumie pini zisizo na mfereji. Pini nzima inakisukuma kishanga mbele kikamilifu na kibao hakitaliwa tena upesi hivyo. Fanya sasa. Kishanga kikishapenya kibao kitakutana na uso wenyewe, nao ni sprusi, laini, kitapita kama kisu.

Kapo_Ya_Pili

Karatasi nimepitisha leo kwenye langu baada ya kusoma haya. Miaka sita nilikuwa nasema haijasogea bila kupima. Haikuingia. Nimeshukuru.

Nyuzi_Sita

Nimerudi kutoa mrejesho baada ya wiki tano.

Lisilo na pini ninalo. Mwalimu wangu alilichukua akalipiga dakika kumi bila kusema neno, kisha akaomba karatasi apitishe mwenyewe. Akapitisha. Akalirudisha akasema tuendelee na somo.

La zamani limetoka kwa fundi jana. Ameziba matundu matatu kwa mepo, amechimba vijifereji, pini mpya hazina mfereji. Aliniachia niweke nyuzi mwenyewe. Nimeanza na wa sita, nimekunja, nimeingiza, nimeweka kidole gumba juu ya pini, nikavuta.

Tok.